Mtani Mwenye Gitaa

Mliniacha wiki iliyopita nimepiga magoti barazani kwa mwalimu Goreti, kule Nkowe, mkono juu, naapa. Waliokosa gazeti nawafupishia, maana mkosi wangu ni mrefu na nafasi ni ndogo.

Mimi ni Kassian, mtoto wa vijiji vya Mnero, fundi wa mota za kupulizia mikorosho pale Nachingwea mjini. Ugonjwa wangu ni mmoja tu: muziki wa roki wa laivu. Si wa kwenye simu. Nasema ule wa kwenye vikumbi vya nyuma ya baa, watu hamsini mmebanana, gitaa linanguruma mpaka bati linajibu. Kwa ugonjwa huo nilikosa mazishi ya baba mdogo. Nilipasuliwa kisogo kwa chupa kule Masasi. Wachumba wawili walinikimbia, na hayo yote nimeshawaeleza bila kujipaka mafuta.

Goreti alikuwa wa tatu. Alisema neno moja: "Kassian, chagua. Kumbi zako au mimi."

Nikaapa. Na safari hii nikatunza kiapo, jamani. Jumamosi tisa mfululizo nilikaa kibandani kwangu nafungua mota za watu, nanuka salfa ya mikorosho na petroli, masikio yametulia na moyo umekauka. Nilijikumbusha kwamba nina umri wa miaka thelathini na nne, nikimkosa na huyu, basi tena.

Ndoa yetu ikaanza kutangazwa kanisani. Kwetu Wakatoliki hutangazwa Jumapili tatu, na kila mara waumini huulizwa kama kuna mwenye pingamizi. Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ikabaki moja.

Ijumaa ya kuamkia wikiendi ya mwisho, simu ikaita. Goreti.

"Kassian, kesho bendi ya Nondo wanapiga Ruangwa."

Nilidhani ananitega.

"Nimesikia tu kwa walimu wenzangu," akasema. "Nipeleke."

"Nikupeleke wapi?"

"Ukumbini. Nataka nikaone mwenyewe hicho kitu nilichokukataza. Nisije nikaolewa na mtu aliyeacha kitu nisichokijua."

Wasomaji, mimi nililia. Mwanaume mzima, bisibisi mkononi, nililia kwa furaha. Nikasema huyu ndiye mke. Leo nikikumbuka machozi yale natamani kujitemea mate.

Jumamosi nikampitia Nkowe kwa pikipiki. Alivaa suruali ya jinzi na raba. Raba zilikuwa na alama nyeusi za lami na bia iliyokauka pembeni, nikaona, lakini akili ilikuwa imeshatangulia ukumbini. Saa tisa kasoro tukawa Ruangwa. Kibali cha muziki kilikuwa cha mchana, mwisho saa kumi na mbili jioni.

Mlangoni alikuwepo Habibu, mkata tiketi, mtu mpana mwenye sauti nyembamba. Tunafahamiana miaka.

"Kassian! Tulidhani umekufa!"

"Niliokoka."

Akamgeukia Goreti. "Karibu, mwalimu."

"Ahsante," Goreti akajibu, akapita.

Nikaona sawa tu. Nani Ruangwa asiyemjua mwalimu?

Ukumbi ule niliupenda zamani kama nyumba ya mama. Siku ile, baada ya miezi miwili ya hewa safi, pua ikanifungua macho. Sakafu ilikuwa inanata, kila hatua kiatu kinalia. Choo kilikuwa hakina mlango, kina pazia, na pazia ndilo watu walilofutia mikono. Jasho lilipanda, likagota kwenye bati, likashuka tena matone matone kwenye vichwa vyetu. Nikajiuliza hivi hapa ndipo nilipokuwa nakuja kwa kukimbia?

Nikamwambia Goreti, "Tusimame hapa kati, spika ya kushoto inaumiza."

"Hapana," akasema. "Mbele kulia. Pale ngoma inasikika vizuri."

Akatangulia. Nikamfuata.

Nondo ni watu wanne. Mpiga ngoma, mpiga besi, mpiga gitaa la pili, na mbele yao Fortunatus, mwimbaji na gitaa la kwanza, Mngoni wa Songea, mrefu, shati limefunguka vifungo vinne. Chini ana kile kidude cha kukanyaga kwa mguu, akikikanyaga gitaa linaacha kuimba linaanza kukwaruza. Huwezi kueleza mkwaruzo ule kwa mtu asiyeupenda. Unaingia kifuani, unakaa.

Alipokanyaga mara ya kwanza, vijana wa migodini wakaanza kutingisha vichwa. Nami nikasahau choo, nikasahau sakafu. Kinyaa kikanitoka kidogo, nasema kweli.

Wimbo wa pili nikamtazama Goreti. Alikuwa anaimba.

Si kuimba la la la. Alikuwa anaimba maneno, ubeti kwa ubeti, mpaka pale katikati ambapo Fortunatus hunyamaza na kuacha watu wamalizie. Akamalizia.

Sasa mjue jambo moja. Nondo hawajawahi kurekodi hata wimbo mmoja. Hawako redioni, hawako kwenye simu ya mtu. Nyimbo zao utazijua kwa njia moja tu, kwenda kusimama mbele yao.

Unadhani nilishtuka? Nilimwambia mtu wa pembeni, "Unamwona mchumba wangu? Ana kipaji, anashika wimbo papo hapo!" Mtu yule alinitazama kwa huruma, akarudi kwenye bia yake.

Baada ya wimbo wa nne Fortunatus akasimamisha muziki. Akanywa bia, akaitunza mdomoni, akatupulizia tuliokuwa mbele. Ndiyo desturi yake. Zamani nilikuwa naona ni heshima kupata tone la bia ile. Siku ile ilinipata jichoni, ikiwa ya moto kwa mate yake, nikajifuta kwa mkono na mkono ukanata.

"Namwona Mmwera pale!" akapaza sauti kwenye maikrofoni. "Kassian! Bado mnakula panya kwenu?"

Ukumbi ukacheka. Wasiojua wajue: sisi Wamwera na Wangoni ni watani. Mababu zao walitushambulia, mababu zetu wakawasema, mwisho damu ikageuka kicheko. Mtani akikutukana unacheka. Akikunyang'anya kofia unacheka. Msibani kwako anaweza kulala juu ya jeneza na kudai chakula, na wewe mfiwa utacheka. Ukinuna, umeaibika wewe na ukoo wako.

Nikajibu kwa nguvu, "Tunakula! Na wewe nimekubakizia mkia!"

Vigelegele.

"Mababu zangu walipopita huku walichukua mahindi na mbuzi wenu," akasema, "lakini kuna kitu walisahau." Akamnyooshea Goreti shingo ya gitaa. "Leo nimekifuata."

Akamshika mkono, akampandisha jukwaani. Jukwaa lenyewe ni makreti ya soda yaliyowekewa mbao. Goreti akapanda bila kuangalia chini, mguu wa kwanza kwenye kreti, wa pili kwenye ubao, kama mtu apandaye kitanda chake. Fortunatus akamvisha mkanda wa gitaa lake shingoni, umelowa jasho.

"Mmwera! Huyu namchukua. Unasemaje?"

Simu zikanyanyuliwa. Watu wote hamsini wakanigeukia.

Ningesema nini? Ningesema "Niachie mchumba wangu" ningechekwa mpaka Nachingwea. Nikapanua kifua.

"Mchukue! Utajua mwenyewe namna ya kumlisha!"

Ukumbi ukapasuka.

"Mara ya pili, Mmwera. Umeniachia?"

"Nimekuachia!"

"Mara ya tatu, mbele ya watu hawa?"

"Nimekuachia, Mngoni wewe! Na nauli ya kumfikisha Songea nakupa!"

Nilishangiliwa. Mtu alinimwagia bia kichwani kwa kunipongeza, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Ukumbi mzima ulicheka isipokuwa mtu mmoja. Goreti alikuwa amesimama pale juu, mkanda shingoni, ananitazama kama mwalimu anayesubiri mtoto amalize kuandika imla.

Nilimwona. Nikaendelea kucheka.

Saa kumi na mbili kasoro robo muziki ukaisha. Goreti akasema anakwenda kunawa uso. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Nikamfuata Habibu mlangoni.

"Umemwona mwalimu?"

"Atakuwa nyuma, kwa wanamuziki," akasema. "Si ndiko anakokaa siku zote?"

"Siku zote zipi?"

Habibu akanitazama. Uso wake ukabadilika taratibu.

"Kassian, ndugu yangu. Mimi nilidhani mmeelewana. Mwalimu anakuja kila Jumamosi. Kila wanapopiga hapa yupo. Wakipiga Nachingwea anakwenda Nachingwea."

"Tangu lini?"

"Miezi miwili? Mitatu? Tangu wewe ulipoacha kuja."

Hapo ndipo hesabu ikakaa sawa. Aliniapisha nisikanyage ukumbini ili nisimkute ukumbini. Jumamosi tisa mimi nanusa salfa kibandani, yeye anasimama mbele kulia, pale ngoma inaposikika vizuri. Nachingwea! Mtaa wa pili kutoka kibandani kwangu! Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea, ila hawakusema kwamba kinachokula kitakuomba na kiapo juu.

Nikazunguka nyuma. Kuna uwazi kati ya choo na jenereta, watu huhifadhi hapo chupa tupu. Harufu ya mkojo na dizeli ilinikaba koo. Nikasikia sauti ya Goreti kabla sijamwona, nikasimama nyuma ya ukuta wa choo, mkono puani. Ndiyo, nilichungulia kutokea chooni. Mnisamehe au msinisamehe.

"Umesikia mwenyewe," alikuwa anasema. "Mara tatu, mbele ya watu wote, na wamerekodi. Ameniachia kwa mdomo wake. Mjomba wangu hawezi kusema mimi ndiye niliyevunja ndoa. Niko huru sasa, Fortu. Nguo zangu nimeshafunga, ziko Nkowe. Twende."

Fortunatus alikuwa anakunja waya kwenye kiwiko. Hakuacha kukunja.

"Twende wapi, dada?"

"Ulisema tukipata njia ya kutoka bila aibu tutaondoka wote."

Akacheka. Kicheko kile kile cha kwenye maikrofoni.

"We Mmwera! Hata wewe hujui utani?"

Jenereta likakohoa likazimika.

"Fortunatus," Goreti akasema polepole, "miezi yote hii ulikuwa unatania?"

"Sisi ni watani, mwalimu. Songea nina mke na watoto wawili. Nenda kaolewe, Mmwera mwenzako yule ni mtu mzuri, anacheka vizuri."

Akambusu kwenye paji la uso, akabeba waya zake, akaenda kwenye gari. Ndani ya dakika kumi Nondo walikuwa wameondoka kuelekea Masasi.

Sasa mtaniuliza, Kassian, ulifanya nini? Hapa ndipo pa kuungama, na hapa ndipo naona kinyaa kuliko choo kile na pazia lake. Sikumfuata Fortunatus. Sikumwendea Goreti. Nilirudi mbele kimyakimya, nikakaa kwenye pikipiki, nikajifanya nafunga mkanda wa helmeti.

Akaja uso umenawa. Macho mekundu.

"Ulikuwa wapi?" nikauliza.

"Kunawa. Foleni ndefu." Akapanda nyuma. "Twende nyumbani. Kesho tunatangazwa."

Akanizungushia mikono kiunoni. Mikono ile ile. Nilihisi kama nimevishwa ule mkanda wa gitaa, wa moto na umelowa. Tukashika njia ya Nkowe. Aliuliza mara moja, kwenye kona moja yenye mchanga, "Kassian, umesikia chochote kule nyuma?"

"Nimesikia jenereta," nikasema.

Tulipofika, mjomba wake, mzee Eusebio, alikuwa amekaa uani. Kwa Wamwera mjomba ndiye mwenye neno. Baba wa mtu anaweza kukohoa tu, mjomba ndiye anayeamua. Simu ya jirani ilikuwa mkononi mwake, ameishika mbali na macho, na machozi yanamtoka.

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

"Marahaba, mkwe wangu! Njoo hapa!" Alikuwa analia kwa kucheka. "'Na nauli nakupa!' Umemweza Mngoni yule! Nimeangalia mara sita. Kijiji kizima kimeangalia. Kumbe una mdomo! Goreti, umepata mwanaume."

Goreti akaleta maji ya kunawa. Akatumiminia sote wawili, mjomba kwanza, kisha mimi. Hakumwaga hata tone.

Maneno yalinifika hapa kooni. Ningesema, "Mjomba, ule haukuwa utani." Lakini mzee alikuwa na furaha, na ugali ulikuwa umeiva, na mimi ni mwoga. Nikala. Nikala nyumbani kwao, samaki wa kukaanga na matembele, na kila tonge lilikuwa na ladha ya bia ya Fortunatus.

Sikulala. Alfajiri nikajua la kufanya. Mchumba anayekuja kwangu kwa sababu amekataliwa nyuma ya choo sitamwoa. Hata kama nitazeeka peke yangu na mota za watu. Kiapo cha kumbi nilikitunza kwa ajili yake, cha ndoa siwezi kukiapa huku natapika moyoni. Na mahali pa kusema papo, tena pametengwa rasmi kwa ajili hiyo.

Kigango cha akina Goreti ni kidogo, padri huja mara moja kwa mwezi. Jumapili hiyo ibada iliongozwa na katekista Nicholaus, mzee wa miwani iliyofungwa uzi. Watu walijaa mpaka nje. Mimi na Goreti tulikaa benchi la tatu. Mjomba Eusebio alikuwa mbele yetu, kanzu nyeupe ya sikukuu, kila anayeingia anamshika mkono na kunong'ona, na wote wawili wanacheka.

Katekista akafungua daftari la matangazo.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Kassian wa Mnero anataka kufunga ndoa takatifu na Goreti wa kigango hiki. Mwenye kujua pingamizi lolote, anafungwa na dhamiri yake kulisema sasa."

Goreti akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Nikautoa. Nikasimama.

"Mimi ninalo," nikasema.

Nilisikia mtoto ananyonya. Katekista akanitazama juu ya miwani.

"Wewe?"

"Mimi. Naikataa ndoa hii. Mchumba wangu nilimwachia mtu mwingine jana, mara tatu, mbele ya mashahidi. Na yeye alitaka kuachiwa."

Katekista akashusha daftari.

Kutoka kwenye mabenchi ya akina mama mtu akaguna. Kisha sauti ya mwanamke, imejaa kicheko: "Na nauli amempa!"

Kanisa zima likaanguka. Wanaume walijipiga magotini kwa viganja, wanawake walifunika midomo kwa khanga, wanakwaya walishikana mabega. Mjomba Eusebio alijipinda mbele, anapiga paja lake, "Huyu! Huyu! Mpaka kanisani!"

"Sitanii!" nikapaza sauti. "Katekista, naapa, sitanii!"

Wakacheka zaidi. Kadiri nilivyokunja uso ndivyo walivyocheka. Mzee mmoja alitoka nje kwenda kukohoa.

Goreti alinivuta shati kutoka nyuma. Alikuwa anatabasamu kwa ajili ya watu, meno yote nje, na machoni mwake niliona kwamba sasa anajua nilisikia kila neno.

"Kaa chini, mume wangu," akasema kwa sauti tamu. "Watu wameshacheka."

Katekista Nicholaus akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, mabega yake yakiwa bado yanatikisika.

"Kassian, mambo ya ukumbini tuyaache ukumbini." Akafunga daftari. "Pingamizi hakuna. Ndoa ni Jumamosi, saa nne asubuhi."

Vigelegele vikapigwa. Mimi nilikuwa bado nimesimama.